Siku Niliyosoma Ninawi Hadi Mwisho

Kanisani kwetu mhubiri hasomi. Yeye anahubiri. Kusoma ni kazi ya mtu mwingine, anayesimama kushoto kwake na Biblia mkononi, mbele ya kipaza sauti cha pili, mikro ya msomaji. Mhubiri akisema "Soma!" unasoma. Akisema "Hapo!" unanyamaza, hata kama uko katikati ya sentensi, naye anayachukua maneno yale ya mwisho, anayageuza, anayapigia kelele, anayaimba, mpaka yaishe utamu. Kisha anasema "Songa!" nawe unaendelea kutoka pale ulipoachia. Msomaji mzuri hatetemeki sauti na haondoi kidole kwenye mstari. Nimeifanya kazi hiyo hapa mjini Baraka tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, katika kanisa lililo kati ya soko na ziwa.

Watu hushangaa, kwa sababu niliacha shule darasa la tano la msingi. Wengine walikuwa wakinitania, "Mwalimu bila diploma!" Baba alitangulia kufa, upepo ulipopindua mtumbwi wake. Miaka miwili baadaye mama alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Ndugu yangu anayenifuata alikuwa na saba, na mdogo wetu wa mwisho, msichana, alikuwa ndiyo kwanza ameacha kubebwa mgongoni.

Siku ya kumaliza matanga, wajomba walishuka kutoka Fizi-Centre kuja kutugawanya. Mvulana angepanda nao milimani, mtoto mdogo angekwenda kwa shangazi wa upande wa Lusenda, nami ningetafutiwa nyumba ya kufanya kazi. Walikuwa wameketi uani, wanaume peke yao, wakizungumza taratibu. Nilitoka jikoni na sahani mkononi nikasema hapana. Kwetu Wabembe mtoto wa kike haingii hivyo katika maneno ya wanaume. Mjomba mkubwa alinigeukia.

"Hapana nini?"

"Hapana kutugawanya. Nyumba ya baba iko. Nitakaa nao."

"Utawalisha nini?"

"Ndagala."

Walicheka, lakini hawakutuchukua. Tangu asubuhi iliyofuata nilikuwa ufukweni, nikianika ndagala za watu, hao dagaa wetu wa ziwani, kwenye mchanga na kulipwa sehemu ya zile ndagala. Ndugu zangu waliacha kuniita kwa jina. Wakaanza kuniita Yaya, kama mtu anavyomwita mkubwa wake, na mpaka leo hawajaacha.

Nyumbani palikuwa na kitabu kimoja, Biblia ya baba yenye jalada lililoliwa na mende. Niliogopa kusahau kusoma, kwa hiyo baada ya kula niliwasomea, kurasa mbili kila siku. Ndugu yangu hakutaka habari za wema. Alitaka miji. "Yaya, soma ile ya mji unavunjika!" Nikasoma Babeli, ambako bundi na mbweha wanalala katika nyumba za wafalme. Nikasoma Tiro, mji wa matajiri wa baharini, ambao nabii alisema utakwanguliwa ubaki mwamba mtupu, mahali pa kuanikia nyavu. Hapo ndugu yangu alikunja uso.

"Sasa azabu iko wapi? Fasi wanaanikia nyavu, si batu banakula?"

Niligeuza ukurasa. Na sisi tulikuwa tunaishi mahali pa kuanikia nyavu.

Miaka ilipita kwa mtindo huo. Halafu ziwa likapanda.

Halikuja kwa siku moja. Kwanza mchanga wa kuanikia ulipungua, tukawa tunasukumana na mabeseni yetu. Kisha maji yakavuka barabara ya chini. Nyumba za avenyu ya kwanza, mtaa ulio karibu zaidi na ziwa, zilisimama majini mpaka madirishani, na kwa kuwa zimejengwa kwa matofali ya udongo yasiyochomwa, zililainika na kukaa chini kama mtu aliyechoka. Avenyu ya pili ilipata maji mvua ikinyesha tu. Sisi tuko ya nne. Kwetu palikuwa pakavu.

Ndipo mchungaji wetu akamwalika mhubiri kutoka mbali, kwa juma zima la maombi. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye koti lililomzidi na sauti ambayo hukutarajia itoke ndani ya koti hilo. Alinipa karatasi yenye orodha ya mahali pa kusoma na mahali pa kusimama. Ilikuwa ni miji tu. Jumatatu na Jumanne Babeli. Jumatano Sodoma. Alhamisi Tiro. Ijumaa Ninawi.

Kila siku ilikuwa vilevile. Nilisoma habari ya kuta kuanguka, akasema "Hapo!" kisha akauelekeza mkono wake ziwani. "Mnasikia Babeli, mnafikiri ni mbali? Babeli iko nyuma ya soko! Mji huu umekwisha kuandikwa. Atakayebaki asiseme hakuambiwa!" Watu walilia. Nami nilisoma vizuri. Sitaficha, nilijua kwamba ninasoma vizuri. Mama mmoja aliniambia mlangoni kwamba nikisoma anauona moshi.

Mchungaji alikuwa amefunga spika kubwa, bafle, juu ya paa la kanisa, kwa hiyo asiyekuja naye alisikia, akiwa sokoni au akiosha vyombo uani kwake.

Kufikia Jumatano watu walianza kung'oa mapaa. Inafaa nieleze jambo hili, kwa maana mgeni hawezi kulielewa. Kwetu mtu anayehama habebi nyumba, anabeba manjanja, yaani mabati ya paa, pamoja na mlango na fremu za madirisha. Kuta ni udongo. Ukiondoa manjanja mwezi wa mvua, kuta hazimalizi majuma matatu. Zinabaki vilima, na juu yake lengalenga, yaani mchicha, inaota. Watu wa avenyu ya kwanza na ya pili walikuwa na haki ya kung'oa, maji yalikuwa yamewafikia. Lakini sasa niliona wa avenyu ya tatu wakipanda ngazi. Niliona wa kwetu. Jirani yetu, mama mjane anayeuza mkaa, alifunga manjanja yake kwa kamba akaenda nayo Misisi, kwenye machimbo ya dhahabu, ambako ana mtoto. Mvua ya Jumatano ilinyesha ndani ya nyumba yake mchana kutwa.

Alhamisi, baada ya Tiro, nilimkuta ndugu yangu uani akipima urefu wa kamba. Alikuwa na miaka ishirini, na alikuwa akifanya kazi ya kubeba mizigo bandarini.

"Yaya, kesho natoa manjanja. Loli ya Misisi iko naenda siku ya posho." Posho kwetu ni Jumamosi.

"Maji yamefika hapa?"

"Hayajafika. Batu banasema yatafika."

"Watu gani?"

"Batu! Bote!" Aliitupa kamba chini. "Na we mwenyewe. Mi niliskia kwa bafle. Mji umekwisha, mji ni jivu. Ile sauti ilikuwa ya nani? Si ilikuwa yako?"

Mdogo wetu wa mwisho alitokea mlangoni na daftari. Alikuwa mwaka wa sita wa sekondari, akingoja mtihani wa serikali. Katika ukoo wetu hakuna msichana aliyewahi kuufikia.

"Na masomo yangu mtaweka wapi? Juu ya loli?"

"Misisi kuko shule."

"Kuko mashimo! We unataka kuchimba, sema unataka kuchimba. Usisingizie Mungu."

"Nyamaza, wewe. Mukubwa iko naongea."

"Mkubwa ni Yaya."

Ndugu yangu alichukua kamba yake akaondoka bila kula. Niliketi kwenye kizingiti. Niliona waziwazi jinsi itakavyokuwa. Paa likishuka, nyumba ya baba imekufa. Yeye atakwenda machimboni, mdogo atabebwa na shangazi ili asikose mtihani, nami nitatafuta pa kulala kwa watu. Kile nilichokikataa na sahani mkononi kingetimia, na safari hii mwito ulikuwa umetoka kinywani mwangu mwenyewe. Sikuweza kumkatalia. Alikuwa mwanamume mzima, na nyumba ni ya baba yake pia.

Asubuhi ya Ijumaa nilitoka nikimwacha akiegemeza ngazi ukutani.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Karatasi yangu ilisema nianze na yule nabii aliyekimbia kazi, akatupwa majini, akamezwa na samaki. Nisome pale anapoingia Ninawi na kutangaza kwamba zimebaki siku arobaini mji uangamizwe. Nisimame hapo. Kisha niende kitabu cha nabii mwingine, ambako Ninawi unaanguka kweli, farasi na magari na maiti.

"Soma!"

Nikasoma. Nikafika kwenye zile siku arobaini.

"Hapo!"

Kidole changu kilikuwa kwenye mstari, na mstari uliofuata ulikuwa palepale chini yake. Mji wote, wakubwa kwa wadogo, walisadiki. Nimeusoma mstari huo mara nyingi jikoni kwetu. Nilifikiria ngazi. Nikausoma.

"Hapo, dada," mhubiri alisema tena, kwa upole, akidhani sikusikia.

Niliendelea. Nilisoma mfalme akishuka kwenye kiti chake, akivua vazi lake, akikaa kwenye majivu. Nilisoma amri yake kwamba watu wasionje kitu, wala wanyama nao, ng'ombe na kondoo wasilishwe, wasinywe maji, wavikwe magunia.

Katika mabenchi ya wamama kulikuwa na bibi mmoja anayeuza mawese, ambaye hajawahi kuiweza sauti ya chini.

"Hata mbuzi?" aliuliza.

"Hata mbuzi, bibi," nilijibu, na mikro ikalipeleka jibu hilo mjini kote.

"Mbuzi yangu mimi afunge? Ule atakula gunia lenyewe!"

Kicheko kilianzia kwa wamama kikavuka upande wa wanaume. Juma zima watu walikuwa hawajacheka. Mchungaji alisimama. Mhubiri alisema "Hapo!" kwa mara ya tatu, lakini ilikuwa imechelewa, nami nilikuwa nimefika pale Mungu anapoyatazama matendo yao, anaghairi, na mji unabaki. Kisha nikafungua ukurasa wa mwisho, ambako nabii ameketi nje ya mji amekasirika kwa sababu haukuungua, na Mungu anamuuliza kama hapaswi kuuhurumia mji mkubwa namna hiyo, wenye watu wengi wasiojua mkono wa kuume na wa kushoto, na wanyama wengi pia.

Nikafunga Biblia. 

Ninajua kwamba Ninawi ulianguka baadaye. Kitabu kile kingine nimekisoma pia. Lakini kati ya vitabu hivyo viwili watoto walizaliwa mjini mule, wakaoana, wakajenga, wakazeeka, wakazikwa na wajukuu wao. Hilo halikuwa kwenye karatasi yangu.

Ibada iliisha kwa wimbo tu. Mchungaji aliniambia palepale kwamba nimewekwa chini ya nidhamu kwa miezi sita. Maana yake unakaa benchi la nyuma, husomi, huimbi kwaya, hushiriki meza ya Bwana. Nilikubali. Kazi ya msomaji ni kusimama anapoambiwa, nami sikusimama.

Mhubiri alinifuata nje. Nilifikiri atanikemea. Aliketi kwenye jiwe akafuta uso kwa mkono wa koti.

"Mwanangu, kwa nini?"

Nilimwambia kuhusu ngazi. Nilimwambia kwamba watu wa avenyu kavu wanabomoa mji kwa mikono yao, kisha mvua inamalizia, na kesho watasema unabii umetimia.

Alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, "Mimi nilikuwa na nyumba kando ya maji, kaskazini huko. Mto ulishuka na mawe. Tulikuwa tumeambiwa tuhame, tukasema Mungu atatulinda. Nina watoto wawili chini ya mawe yale. Tangu hapo, nikiona maji, napiga kelele. Mtu akiogopa, anahama mapema."

 Nilimpa pole, nikainama kama ninavyomwinamia mjomba. Kisha nikasema, "Baba, waambie wa chini wahame. Ni kweli. Maji yako pale. Lakini usiwaambie wote kwamba mji umekufa."

"Na wewe huogopi?"

"Naogopa. Lakini nyumba yetu iko avenyu ya nne."

Alicheka kidogo, ghafla, kama mtu aliyejikwaa. Kesho yake, nikiwa benchi la nyuma, nilimsikia akiwaambia vijana wa kanisa waende kuwabebea mizigo watu wa avenyu ya kwanza na ya pili, wapandishe vitu vyao juu kwa ndugu na majirani. Mji hakuutaja tena.

Lakini Ijumaa ile bado nilikuwa na nyumba ya kwenda kuitazama. Nilipokaribia nilisikia kimya, na kimya kilinitisha kuliko nyundo. Manjanja matatu yalikuwa yameegemezwa ukutani. Ndugu yangu alikuwa ameketi juu ya mbao za paa, miguu ikining'inia chumbani, misumari mdomoni. Mdogo wetu alikuwa chini, meza yake ameisogeza kwenye kona iliyobaki na paa.

Alitema misumari mkononi.

"Yaya. Ule muzee alisema 'Hapo' mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mi nilihesabu ine."

"Basi nne."

"Na hukusimama." Alitikisa kichwa. "Batakufukuza?"

"Miezi sita, nyuma."

Alitazama kuelekea ziwani. Kutoka juu pale alikuwa akiona yale ambayo mimi sikuyaona, mahali maji yalipofika na mahali ambapo hayajafika.

"Mbuzi zilifunga kweli?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Ehe. Sasa uniambie kitu moja, lakini usinisomee. Maji ikikuja kweli, je?"

"Yakivuka avenyu ya tatu tutahama. Wote watatu, pamoja, tutapanda Fizi kwa mjomba, na manjanja tutabeba. Lakini tutahama kwa sababu ya maji."

"Si kwa sababu ya bafle."

"Si kwa sababu ya bafle. Wala ya sauti yangu."

Aliihesabu misumari kiganjani mwake. Loli ya Misisi ilikuwa inaondoka kesho yake, na alikuwa ameshaagana na rafiki zake bandarini. Najua kubaki kulimgharimu, kwa sababu walimcheka mwezi mzima, wakimwita Ninawi.

"Misisi nitaenda siku moja," alisema mwishowe. "Nitaenda kuona. Lakini sitaenda na paa ya baba. Nipe ile manjanja."

Misumari ilikuwa imepinda yote alipoing'oa. Mdogo wetu aliinyoosha mmoja mmoja juu ya jiwe la jikoni, akiimba kanuni zake za kemia ili asipoteze muda. Matundu ya zamani yangevuja, kwa hiyo nilikata sapatu zangu za mpira kwa kisu, vipande vya duara kama ukucha wa gumba, na ndugu yangu akaviweka chini ya kila msumari. Mvua ilitukuta tumebakiza bati moja. Alipigilia huku amelowa, akiitukana mvua kwa Kibembe na kutuomba radhi kwa Kiswahili. Aliposhuka paa lilikuwa linavuja mahali saba. Tuliweka masufuria saba, tukala bugali katikati yao.

Maji yalifika kwenye ukingo wa avenyu ya tatu, yakakaa hapo mwezi na zaidi, kisha yakaanza kurudi. Sisemi yalirudi kwa sababu nilisoma. Kuna nyumba za avenyu ya pili zilizoanguka zikiwa na mapaa yake, na watu wake walifanya vema kuhama. Mdogo wetu aliufanya mtihani wake na akafaulu. Sasa anafundisha darasa la tano, lile nililoishia mimi.

Katika miezi yangu ya benchi la nyuma, wamama wa ufukweni waliacha kuniita mwalimu bila diploma. Tukiwa tunaanika ndagala kwenye mchanga mwembamba uliobaki, mmoja alikuwa akisema, "Na Babeli je? Iko mwisho wake?" Nami nilikuwa nawaambia ninachokumbuka, bila mtu wa kusema "Hapo!"

Kiangazi kilichofuata, yule jirani muuza mkaa alirudi kutoka Misisi. Alishuka kwenye pikipiki na manjanja yake yamefungwa kwa kamba ileile, mekundu kwa vumbi la njiani. Nyumba yake ilikuwa imekwisha upande wa ziwa, kilima kitupu. Upande wa pili kuta mbili zilisimama bado, zikifika kifuani. Alisimama barabarani hakutaka kuingia kiwanjani.

Ndugu yangu alitoka kwetu na koleo begani.

"Baba, angalia mwenyewe," mama yule alimwambia. "Hii upande imekufa."

"Nimeona, mama," alijibu, akivuka ule ukuta ulioanguka. "Tutaanzia kwa ile imebakia."